Moodle ikikwama katikati ya kupandishwa toleo: soma hifadhidata kabla hujarudia amri

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya bweni nje kidogo ya Mafinga, na kwa miaka sita sasa ni mimi ninayeitunza seva ya shule. Si mtambo mkubwa. Ni kompyuta ya mezani iliyotoka ofisi ya mhasibu, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 240, nimeiweka juu ya kabati la maabara ili iwe mbali na vumbi la mbao linaloletwa na upepo wa kiangazi. Humo ndimo inamokaa Moodle yetu, programu ya kuendeshea masomo kwenye kompyuta: maswali ya marudio ya kidato cha nne, mahudhurio, alama za majaribio ya kila wiki. Intaneti huku msimu wa mvua haina uhakika, kwa hiyo wanafunzi wanaifikia kwa mtandao wa ndani wa shule, na hakuna kampuni ya mbali itakayoitengeneza ikiharibika. Ikilala, imelala mikononi mwetu.

Ijumaa moja ya Machi, wanafunzi wakiwa wametoka prepo, nilianza kupandisha toleo kutoka 4.1 kwenda 4.5. Nilikuwa nimejiandaa: Ubuntu 22.04 inakuja na PHP 8.1 (lugha ambayo Moodle imeandikwa kwayo) na MariaDB 10.6 (programu inayotunza hifadhidata), na hizo zinatosha kwa Moodle 4.5. Skrini ikawa inateremka vizuri, plagini (programu ndogo za nyongeza) moja baada ya nyingine. Saa 3:40 umeme ukakatika. Mvua ya Machi na radi zake si jambo geni kwetu, ndiyo maana nilikuwa na UPS, kifaa cha umeme wa akiba, lakini betri yake ilikuwa imechoka bila mimi kujua. Badala ya dakika 20 ilishika dakika 4.

Umeme uliporudi niliwasha mashine na kurudia amri ileile. Ikagoma:

`Table "local_mahudhurio_muhula" already exists`

Nikairudia tena, nikitumaini. Ikagoma vilevile. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kufuta majedwali nilipopata wazo la kumpigia mwalimu mwenzangu aliyeko Uyole, ambaye amenitangulia katika kazi hizi. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, unajua ilifikia wapi?" Sikujua. Akasema, "Basi usiguse kitu mpaka ujue."

Mwongozo huu ni wa kulijibu swali hilo. Mifano yangu ni ya Moodle na MariaDB kwa sababu ndivyo ninavyovitumia kila siku, ila anayeendesha programu nyingine kwenye seva yake ataona njia inafanana.

Kinachotokea ndani

Toleo jipya la programu huja na madai mapya juu ya hifadhidata: jedwali hili liongezewe safu, lile ligawanywe mara mbili, faharasa fulani ifutwe. Kazi hiyo huitwa uhamishaji wa hifadhidata, ingawa data haiendi mashine nyingine. Inabaki palepale, majedwali ndiyo yanayobadilishwa umbo. Moodle huifanya kwa hatua ndogondogo zilizoandikwa katika faili `lib/db/upgrade.php` kwa mfumo wenyewe, na katika `db/upgrade.php` ndani ya kila plagini. Kila hatua ina namba iliyotengenezwa kwa tarehe, mfano 2025021000, na mwisho wa hatua Moodle huandika alama ndani ya hifadhidata kwamba hapa pameisha. Safari ikikatika, inayofuata huanzia kwenye alama ya mwisho.

Tatizo liko kati ya alama mbili. Kwenye MariaDB na MySQL, `CREATE TABLE` au `ALTER TABLE` ikishamalizika imethibitishwa papo hapo, hairudishwi. PostgreSQL inaweza kuyafunga mabadiliko ya umbo ndani ya muamala mmoja, yaani furushi linalokubaliwa lote au kukataliwa lote, na kama mwandishi wa programu ameufungua muamala huo, umeme ukikatika yote yanafutika kana kwamba hayakuwahi kuanza. Hilo ndilo jambo la kwanza kujiuliza: hifadhidata yangu ni ya aina gani? Ya PostgreSQL, kama muamala huo ulifunguliwa, unarekebisha chanzo cha kosa na kurudia. Ya MariaDB, kama hatua ilikuwa na mambo matatu na ikakatika baada ya la kwanza, la kwanza limebaki na alama haipo. Ukirudia amri, programu inaanza tena na lile la kwanza, inalikuta limeshafanyika, inagoma. Ndivyo ilivyonikuta.

Kabla ya lolote: hakikisha hakuna kinachoendelea, kisha nakili ulichonacho

Kivinjari kinaweza kuendelea kuonyesha kwamba tovuti inapandishwa toleo hata kama hakuna kinachofanyika, kwa sababu Moodle huandika ndani ya hifadhidata muda ambao kazi inatarajiwa kuwa imekwisha. Usiliamini tangazo hilo. Tazama mashine yenyewe:

`ps aux | grep upgrade.php`

Kama hakuna mstari zaidi ya ule wa `grep` wenyewe, kazi imekufa. Simamisha `cron` ya Moodle, yaani kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, ili isianze kuandika juu ya majedwali yaliyo nusunusu, na ufunge mlango kwa watumiaji:

`sudo -u www-data php admin/cli/maintenance.php --enable`

Kama kilichotokea ni umeme kukatika, anza na hifadhidata kabla ya Moodle. MariaDB ikiwaka hujirekebisha yenyewe kwa kusoma kumbukumbu zake za miamala. Soma ilichosema:

`sudo journalctl -u mariadb -n 50`

Halafu `sudo mysqlcheck moodle`, na kila jedwali liandikwe OK. Kama kuna jedwali lililoharibika, simama hapo. Utahitaji bakapu (nakala ya akiba), na mengine yote ya chini hayatakusaidia.

Sasa chukua bakapu ya hali ilivyo, hata kama imeharibika. Watu wengi wanaruka hapa kwa kuwa wana bakapu ya mchana. Lakini unakaribia kufanya upasuaji, na ukikosea kukata unataka kuweza kurudi dakika tano nyuma, si saa nane nyuma:

`sudo mysqldump --single-transaction moodle > ~/moodle-iliyokwama.sql`

Ikimalizika, tazama mstari wa mwisho wa faili kwa `tail -1`. Lazima uone `-- Dump completed on` pamoja na tarehe. Faili isiyo na mstari huo imekatika njiani, haijalishi ukubwa wake. Kagua bakapu yako ya mchana vilevile. Nimewahi kuona faili ya GB 2 iliyokuwa pungufu kwa sababu diski ilijaa wakati wa kuiandika, na ukiitazama kwa jina na ukubwa ni nzima kabisa.

Ilifikia wapi?

Moodle ina jedwali linaloitwa `mdl_upgrade_log`, na hapo ndipo jibu lilipo. Ingia kwenye MariaDB kwa `sudo mysql moodle`, uliza:

`SELECT FROM_UNIXTIME(timemodified), plugin, version, targetversion, info FROM mdl_upgrade_log ORDER BY id DESC LIMIT 15;`

Soma kutoka chini kwenda juu, kama unavyofuata nyayo. Utaona plagini zilizokamilika, utaona maneno `Upgrade savepoint reached` kwenye kila alama ya hatua, kisha utaikuta ile iliyoanza bila kumaliza. Kwangu ilikuwa `local_mahudhurio`, plagini ya mahudhurio tuliyoandikiwa na kijana aliyesoma hapa shuleni.

Angalizo kuhusu saa. Seva yangu ilikuwa kwenye saa za UTC, kwa hiyo tukio la saa 3:40 usiku liliandikwa 18:40. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili na kuishi saa tatu mbele ya UTC, ni rahisi kutazama mistari ya tukio jingine kabisa. Andika kwenye karatasi: saa yetu 3:40 usiku, saa ya Tanzania 21:40, UTC 18:40. Mimi nilipoteza dakika kumi nikitafuta 21:40 ambayo haikuwepo.

Kisha uliza plagini yenyewe inajidhani iko toleo gani:

`SELECT value FROM mdl_config_plugins WHERE plugin='local_mahudhurio' AND name='version';`

Namba utakayopata ndiyo alama ya mwisho. Fungua `db/upgrade.php` ya plagini hiyo, tafuta hatua ya kwanza yenye namba kubwa kuliko hiyo. Hiyo ndiyo iliyokatika. Isome. Hata kama hujui PHP, majina ya amri yanajieleza: `create_table` inaunda jedwali, `add_field` inaongeza safu, `drop_field` inafuta safu, `insert_record` inaandika rekodi.

Yangu ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kuunda jedwali jipya `local_mahudhurio_muhula`. La pili, kupitia rekodi zote za mahudhurio moja moja na kuandika kwenye jedwali jipya muhula ambao kila rekodi ni yake. La tatu, kuifuta safu ya zamani ya `muhula`, kwa kuwa haihitajiki tena. Baada ya hapo ndipo alama.

Sasa ilikuwa suala la kujua kati ya matatu hayo yapi yameshafanyika. Hili usilibahatishe, ihoji hifadhidata:

`SHOW COLUMNS FROM mdl_local_mahudhurio;`

Safu ya `muhula` bado ilikuwepo. Kwa hiyo jambo la tatu halijafanyika.

`SELECT COUNT(*) FROM mdl_local_mahudhurio;` Jibu 18640.

`SELECT COUNT(*) FROM mdl_local_mahudhurio WHERE muhula IS NULL;` Jibu 0.

`SELECT COUNT(*) FROM mdl_local_mahudhurio_muhula;` Jibu 11214.

Nilizitazama namba hizo kwa muda. Mlinzi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa ameniletea chai ya tangawizi, ikapoa mezani. Maana yake ilikuwa wazi: umeme ulikatika katikati ya jambo la pili, rekodi 11214 zikiwa zimenakiliwa na 7426 zikiwa bado. Na chanzo kiko kamili, hakuna rekodi hata moja iliyopoteza muhula wake.

Uamuzi

Ukishajua hapo, swali linalobaki ni moja: je, kile ambacho hatua ilikuwa inasoma kutoka kwake bado kipo kizima?

Kikiwepo, kilichotengenezwa nusu hakina thamani. Kifute, urudie hatua nzima. Mimi nilifuta jedwali jipya:

`DROP TABLE mdl_local_mahudhurio_muhula;`

Kisha nikarudia amri ya kupandisha toleo. Moodle ikaanzia kwenye alama ya mwisho, ikaunda jedwali upya, ikanakili rekodi zote 18640, ikafuta safu ya zamani, ikaweka alama, ikaendelea na plagini nyingine. Ilichukua chini ya dakika tatu.

Kama chanzo hakipo, yaani safu ya zamani imeshafutwa huku jedwali jipya lina upungufu, hakuna ujanja. Rudisha bakapu. Usijaribu kuunganisha vipande kwa mkono saa 5 usiku ukiwa umechoka.

Kuna ushauri unaozunguka sana, na mimi nilipewa usiku uleule kwenye kundi la WhatsApp: badilisha namba ya `version` ndani ya `mdl_config_plugins` iwe ile mpya, Moodle itaruka hatua iliyokwama na kuendelea. Ni kweli itaendelea. Ujumbe wa kosa utatoweka, kurasa zitafunguka, na ungepongezwa. Lakini kwangu mimi rekodi 7426 za mahudhurio zingebaki bila muhula, hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa mwaka mwalimu wa darasa anapotafuta mahudhurio ya mtoto ambaye mzazi wake ameitwa shuleni. Mtoto huyo angeonekana hakuwepo. Kwa sababu hiyo siikubali njia hii, isipokuwa umeisoma hatua mstari kwa mstari na kuthibitisha kwa namba kwamba kila kilichomo kimeshafanyika na kilichokosekana ni alama peke yake.

Kwa hali rahisi zaidi, ambapo hatua iliongeza safu moja tu na ikakatika kabla ya alama, kanuni ni ileile. Hakikisha safu hiyo haina kitu, ifute kwa `ALTER TABLE ... DROP COLUMN`, rudia. Hatua nyingi za Moodle yenyewe hukagua kwanza kama safu au jedwali lipo, ndiyo maana mara nyingi hukwama kwenye plagini za nje na si kwenye mfumo.

Kama ni lazima kurudisha bakapu

Hapa kuna mtego ambao haujaandikwa kwa herufi kubwa popote, nami nataka uukumbuke. Faili ya `mysqldump` inafuta na kuunda upya majedwali yaliyomo ndani yake tu. Majedwali mapya yaliyozaliwa na jaribio lililoshindwa hayamo, kwa hiyo ukiimimina bakapu juu ya hifadhidata iliyokwama, yatabaki pale. Utafikiri umerudi mwanzo. Utapandisha toleo tena, nayo itagoma kwa kosa lilelile la jedwali kuwepo tayari, na utaanza kuilaumu bakapu. Futa hifadhidata nzima kwanza:

`DROP DATABASE moodle;`
`CREATE DATABASE moodle CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;`

Ndipo umimine: `sudo mysql moodle < bakapu-ya-mchana.sql`

Pamoja na hifadhidata rudisha folda ya programu ya toleo la zamani, na folda ya `moodledata`, inamokaa mafaili yaliyopakiwa, ya wakati uleule. Programu na hifadhidata ni jozi. Programu ya zamani haikubali hifadhidata iliyopanda toleo, na Moodle haina njia ya kushusha. Folda mpya ya programu isiwekwe juu ya ya zamani. Hamisha ya zamani pembeni kwa jina jingine, weka mpya, kisha nakili `config.php` na plagini zako. Ukichanganya faili za matoleo mawili Moodle itakuambia `Mixed Moodle versions detected` na kukataa kuendelea.

Kabla ya `DROP DATABASE`, jaribu bakapu kwenye hifadhidata ya pembeni. Iite `moodle_jaribio`, mimina humo, hesabu rekodi za majedwali mawili matatu unayoyafahamu. Mimi huhesabu `mdl_user` kwa sababu idadi ya wanafunzi wetu naijua kwa kichwa.

Makosa mengine

Si kila kukwama ni umeme. Soma ujumbe wa kwanza wa kosa, si wa mwisho. Wa mwisho mara nyingi ni matokeo ya wa kwanza, na skrini inakuonyesha wa mwisho kwa sababu ndio uliobaki chini. Weka `$CFG->debug = E_ALL;` kwenye `config.php` upate maelezo kamili, na uiondoe ukimaliza.

Ukiona `No space left on device` au `The table '...' is full`, diski imejaa. `ALTER TABLE` wakati mwingine hutengeneza nakala ya jedwali zima kabla ya kufuta la zamani, kwa hiyo jedwali la GB 9 linahitaji GB 9 nyingine za wazi. Kwenye Moodle anayekula nafasi ni `mdl_logstore_standard_log`. Angalia `df -h`, na uangalie `/tmp` pia.

`Lock wait timeout exceeded` ina maana kuna mwingine ameshika jedwali, na karibu kila mara ni `cron` uliyosahau kuisimamisha. `SHOW FULL PROCESSLIST;` itakuonyesha ni nani.

`Specified key was too long; max key length is 767 bytes` ni kosa la seva zenye umri, zile ambazo hifadhidata imerithiwa kutoka mashine hadi mashine. Herufi moja ya utf8mb4 inaweza kuchukua baiti 4, kwa hiyo safu ya herufi 255 inahitaji baiti 1020 kwenye faharasa, na majedwali ya muundo wa zamani wa `COMPACT` yanaishia 767. Muundo wa `DYNAMIC` unafika 3072. Moodle ina zana ya kugeuza majedwali hayo, `admin/cli/mysql_compressed_rows.php`, na ya kugeuza herufi, `admin/cli/mysql_collation.php`. Zote ziendeshwe kabla ya kupandisha toleo, baada ya bakapu.

`MySQL server has gone away` kwenye mashine ya RAM ndogo: tazama `sudo journalctl -k | grep -i oom`. Ukikuta mfumo umeiua MariaDB kwa kukosa kumbukumbu, si hifadhidata iliyoharibika. Funga programu nyingine, ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), rudia.

Kosa linaloonekana dogo ni kuendesha kazi hii kwenye kivinjari, au kwa ssh tupu (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kutoka nyumbani. Mtandao ukipepesuka kazi inakatika sawa na umeme. Fungua `tmux` kwanza, endesha amri ndani yake:

`sudo -u www-data php admin/cli/upgrade.php`

Ssh ikikatika, kazi inaendelea. Utarudi kwa `tmux attach` uikute ilipofika.

Kuhakikisha imepona

Amri kumalizika bila kosa hakutoshi. Linganisha hifadhidata na umbo ambalo Moodle inalitarajia:

`sudo -u www-data php admin/cli/check_database_schema.php`

Itakuambia kila jedwali, safu au faharasa isiyolingana. Yangu ilikuta faharasa moja inayokosekana kwenye jedwali la zamani, jambo lisilohusiana na umeme wa Ijumaa. Ilikuwa imekaa hivyo pengine miaka.

Kisha hesabu tena. `mdl_local_mahudhurio` 18640, `mdl_local_mahudhurio_muhula` 18640. Baada ya namba, ingia kama mtu. Nina akaunti ya mwanafunzi wa majaribio. Nikaingia nayo, nikafungua jaribio la mwendo la kidato cha nne, nikajibu maswali mawili, nikatuma, nikaingia kama mwalimu nikaona alama imefika. Nikafungua mahudhurio ya mwanafunzi ambaye nakumbuka aliugua wiki mbili Septemba, nikaona siku zake za kutokuwepo ziko palepale kwenye muhula wake. Chagua rekodi ambayo jibu lake unalijua bila kompyuta.

Ndipo uwashe `cron`, uondoe matengenezo kwa `--disable`, uifute ile bakapu ya hali iliyokwama baada ya wiki moja, si usiku huohuo.

Nilifanya mambo mawili wiki iliyofuata. Nilinunua betri mpya ya UPS duka moja la mjini Iringa, na sasa kabla ya kazi kama hii naichomoa UPS ukutani kwa dakika kumi huku seva imezimwa na taa ya mezani imechomekwa kwake, nione kama inashika. Na nilimpigia yule kijana aliyetuandikia plagini. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Shikamoo mwalimu, nimekuelewa, nitairekebisha leo." Marekebisho ni mistari michache. Kabla ya kuunda jedwali aangalie kama lipo, na kabla ya kunakili asafishe kilichobaki cha safari iliyokatika, lakini kwa sharti kwamba safu ya zamani bado ipo:

`if (!$dbman->table_exists($table)) {`
`    $dbman->create_table($table);`
`}`
`if ($dbman->field_exists($zamani, $muhula)) {`
`    $DB->delete_records('local_mahudhurio_muhula');`
`    // nakili rekodi zote, kisha futa safu`
`}`

Nikaijaribu kwenye `moodle_jaribio`, nikiwa nimeweka `$CFG->noemailever = true;` ili nakala hiyo isiwatumie wazazi barua pepe. Nilianza hatua, nikaikata kwa makusudi kwa `kill -9` ikiwa imefika katikati, nikairudia. Ikapita, rekodi 18640 pande zote mbili.